Kuondoa rangi iliyoganda kwenye bodi ya gari bila kuichubua rangi yake: mwongozo kamili

Gari limegusa geti, nguzo au gari jingine, na ubavuni pamebaki mstari wa rangi isiyo yake. Au liliegeshwa karibu na ukuta uliokuwa ukipakwa rangi, na sasa boneti nzima ina vitone. Mara nyingi rangi hiyo ngeni yenyewe haijaidhuru bodi. Madhara huja na yanayofuata: msasa, dodoki la chuma, thina iliyomiminwa kwa hasira. Doa la ukubwa wa kidole hugeuka kuwa mlango mzima wa kupeleka kwa fundi wa rangi.

Sababu ni wembamba wa kile unachokifanyia kazi. Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, karibu sawa na karatasi moja au moja na nusu ya kuchapia. Ndani ya unene huo mna tabaka la kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa klia, tabaka angavu lisilo na rangi, ambayo kwa magari mengi ni kama mikroni 35 hadi 50 tu. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi ya chini dhidi ya mionzi ya jua. Ukiila ikabaki nyembamba, gari litapendeza leo, kisha baada ya muda pale mahali patapauka na klia itaanza kubanduka vipande vipande.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: anza na kilicho dhaifu kabisa, na upande daraja pale tu kilichotangulia kimeshindwa. Anayeanza na thina huenda akafaulu mara tano na kuharibu mara ya sita, na hatajua mapema ni ipi ya sita.

Kwanza jua unachokiona

Osha sehemu hiyo, ikaushe, kisha pitisha ukucha polepole kukatisha alama.

Ukucha ukipanda juu ya kitu, hiyo ni rangi ngeni iliyokaa juu ya klia, na inaweza kuondoka. Ukucha ukitumbukia, hapo pamekwanguliwa. Kuna kitu kimeondoka, na hakuna dawa ya kusafisha itakayokirudisha. Alama nyingi za kugusana na geti au gari jingine ni mchanganyiko: rangi ngeni juu, mkwaruzo chini yake. Usiamue ukubwa wa hasara kabla hujatoa rangi ya juu. Mara nyingi alama inayotisha ikishasafishwa hubaki mikwaruzo miwili mitatu tu.

Kwa mkwaruzo, lowesha kwa maji. Ukipotea ukiwa na maji na kurudi ukikauka, umeishia ndani ya klia na polishi inaweza kuupunguza au kuumaliza. Ukibaki unaonekana hata ukiwa na maji, umeifikia rangi au umeivuka. Kijivu au weupe ndani ya mkwaruzo kwa kawaida ni praima. Mng'ao wa bati maana yake kutu itaanza, na pafunikwe mapema. Kwenye bampa la plastiki hakuna kutu, ila utaona weusi au ukijivu wa plastiki yenyewe. Wengi huusugua wakidhani ni doa.

Kuna pia alama nyeusi ambazo si rangi kabisa: ni mpira, wa tairi au wa kingo za milango. Hizi hutoka kwa dawa ya kuondoa lami, bila kusugua kwa nguvu.

Jambo la pili la kujua ni rangi ya gari lenyewe. Je, ni ya kiwandani au imepakwa upya? Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto kali na huvumilia vimiminika vingi kwa muda mfupi. Rangi iliyopuliziwa gereji ikachanganywa na hadina (dawa ya kuikaza) huwa ngumu pia, lakini huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Mpaka ipite walau mwezi mmoja, usiiguse kwa tapentaini wala thina. Rangi iliyopulizwa bila hadina, pamoja na ile ya kopo la kupuliza, huyeyuka kwa thina hata baada ya miaka.

Watu hushauriwa kujaribu dawa sehemu iliyofichika, kama ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Ushauri huo una pengo. Gari linaweza kuwa na mlango mmoja uliopakwa upya na kwingine kote ni rangi ya kiwandani, na tangi halitakuambia lolote kuhusu mlango huo. Jaribu kwenye paneli ileile yenye doa, chini kabisa ambako macho hayafiki: lowesha kona ya kitambaa cheupe, gusa kwa sekunde tano, futa. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, au uso ukanata au kufifia, dawa hiyo haifai.

Ukiweza kupata kipima unene wa rangi, kitumie. Kinaposoma zaidi ya mikroni 200 hivi, paneli hiyo huenda imewahi kupakwa upya. Kikisoma mamia mengi, chini yake pana pati ya kujazia mabonde. Ila vipimo vingi vya bei nafuu hufanya kazi juu ya metali tu, si juu ya bampa la plastiki.

Vitu vya kuandaa

- Ndoo mbili, shampuu ya gari, na vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua sita
- Alkoholi ya isopropili. Ikiwa ni ya asilimia 99, changanya sehemu 7 na maji sehemu 3
- Tapentaini ya madini, au dawa ya kuondoa lami
- Udongo wa kusafishia bodi (clay bar, unaokandika kwa vidole), aina laini, kipande cha gramu 50
- Kompaundi ya mkono (krimu yenye chembe za kusaga), polishi laini, na pedi mbili za sponji
- Nta
- Tepu ya karatasi, kadi ya plastiki, glavu za nitraili

Sabuni ya kuoshea vyombo huondoa nta, lakini hapa si neno kwa kuwa nta mpya itapakwa mwishoni. Sabuni ya unga ndiyo ya kuepuka: chembe ambazo hazijayeyuka hukwaruza.

Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya bati. Kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, ngoja. Juu ya bati la moto dawa hukauka kabla haijalegeza kitu, na rangi iliyoanza kuyeyuka hutandazwa na kugandia upya. Kusiwe na sigara wala moto karibu, na hewa ipite.

Osha eneo lote, si doa peke yake. Vumbi lililoachwa sentimita 20 kutoka kwenye doa litaingia chini ya kitambaa chako bila taarifa, na mikwaruzo utakayoipata utailaumu kompaundi.

Matone ya rangi ya maji

Rangi ya maji ya ukutani ndiyo rahisi kuliko zote, hasa ikiwahiwa. Ikiwa bado mbichi, mwagia maji mengi na sabuni, imekwisha.

Ikikauka, loweka. Chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kikamue kidogo, kilaze juu ya madoa kwa dakika 15 hadi 20, ukikiloanisha tena kikianza kukauka. Kisha sukuma kingo za tone kwa ukucha uliofunikwa kitambaa chenye maji, au kwa kadi ya plastiki uliyoiinamisha hadi karibu ilale juu ya bodi. Tone likiwa tayari hubanduka kama ganda. Lisipobanduka, usikwangue, loweka tena.

Kwa yaliyobaki, tumia alkoholi. Lowesha kitambaa, kigandamize juu ya doa kwa sekunde 30 hadi 60, kisha futa kwa mkono mwepesi ukielekea upande mmoja. Alkoholi huilainisha resini ya akriliki iliyomo kwenye rangi hizi hata ikiwa imekauka, na hugeuka utando unaofutika. Geuza kitambaa kila mara. Upande uliokwisha kuchukua rangi huirudisha kwenye bodi.

Matone ya rangi ya mafuta

Hapa maji na sabuni hayatasaidia sana. Tapentaini ya madini ndiyo dawa ikiwa rangi ni ya siku chache: lowesha kitambaa, kiache juu ya doa dakika moja hadi mbili, futa, rudia mara nne au tano. Mafuta ya taa hufanya kazi ya aina hiyohiyo kwa udhaifu zaidi, na huacha mafuta mengi ya kuosha. Petroli isitumike: mvuke wake huwaka kwa urahisi mno, na cheche ndogo inatosha.

Rangi ya mafuta iliyokaa miezi imeshika hewa ya oksijeni na kugeuka ngumu; tapentaini itailainisha juu juu tu. Usijibu hilo kwa kuongeza muda wala nguvu. Nenda kwenye udongo na kompaundi.

Kila ukimaliza na tapentaini, osha kwa shampuu kabla ya hatua nyingine. Utando wa mafuta uliobaki huufanya uso uonekane umepona huku doa likiwa palepale.

Rangi ya barabarani

Ukipita juu ya mistari ya barabara ambayo haijakauka, rangi hurukia fenda, sketi za pembeni na ndani ya matao ya magurudumu. Usifute! Rangi ya mistari huchanganywa na shanga ndogo sana za kioo ili ing'ae usiku kwa mwanga wa taa, na ukisugua unazisaga shanga hizo juu ya klia yako.

Wahi kwenye maji ya presha, mdomo wa mashine ukiwa umbali wa sentimita 30 au zaidi. Kilichobaki kipakwe mafuta ya mgando kwa wingi, kikae usiku kucha, kisha kioshwe tena kwa presha. Rudia hivyo mara mbili au tatu kabla ya kufikiria kugusa kwa kitambaa, na ukigusa, iwe kwa kudidimiza na kuinua, si kwa kuburuta.

Vumbi la rangi lililopulizwa

Mtu akipuliza rangi jirani na upepo ukavuma, chembe hutua zikiwa zimekauka nusu na kushika. Huwezi kuziona vizuri, lakini kiganja kinazihisi: bodi iliyooshwa ina ukwaru kama msasa mwepesi. Ukivaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupapasa, ukwaru huo utausikia zaidi.

Dawa yake ni udongo. Chembe zimesimama juu ya uso, na udongo unapoteleza huzinyofoa na kuzifungia ndani yake.

1. Changanya lita moja ya maji na kijiko kidogo cha shampuu kwenye chupa ya kupuliza.
2. Kata nusu ya kipande cha udongo, ukande hadi ulainike, ufanye bapa la upana wa vidole vitatu. Nusu nyingine iweke akiba.
3. Puliza maji kwa wingi kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40, na kwenye udongo pia.
4. Telezesha kwa mistari iliyonyooka, bila kuduara, kwa uzito wa vidole tu. Mwanzoni utahisi unakwama na kusikia mkwaruzo hafifu. Unapoteleza kimya, eneo hilo limekwisha.
5. Tazama udongo. Ukichafuka, ukunje na ukande upate uso safi.
6. Futa, papasa, sogea kwingine.

Udongo ukianguka chini utupe, hata kama ulikuwa mpya. Changarawe moja iliyonasa itachora gari zima. Na usiruhusu maji yakauke. Udongo mkavu hunata na kuacha michirizi ya rangi yake.

Kwenye rangi nyeusi au ya bluu iliyokoza, udongo huacha ukungu mwepesi. Hiyo ni kawaida, na polishi laini huumaliza.

Vumbi la rangi kwenye vioo huondolewa haraka kwa wembe mpya uliolazwa kama digrii 30, kioo kikiwa na maji ya sabuni, upande wa nje tu. Wembe huo usikaribie bodi wala taa.

Mstari wa rangi kutoka kwenye geti, nguzo au gari jingine

Hii ndiyo alama ya kila siku, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na papara. Rangi imeshindiliwa kwa msuguano na joto, kwa hiyo imeshika kuliko tone lililoanguka. Faida yako ni kwamba ni nyembamba mno.

Anza na alkoholi, kisha dawa ya lami au tapentaini, dakika mbili kwa kila moja. Kwa kugusana kwepesi kwenye maegesho, mara nyingi robo tatu ya alama hutoka hapo. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea boliti, kama WD-40, husaidia pia kwa kuwa yana kimiminika chepesi cha jamii ya tapentaini ya madini ndani yake, lakini yaoshwe vizuri baadaye. Kisha pitisha udongo mara chache. Kilichobaki ndicho cha kompaundi.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za paneli, mikunjo ya bodi, na plastiki nyeusi iliyo karibu. Kwenye kingo na mikunjo rangi huwa nyembamba, na mgandamizo wote wa mkono huishia kwenye mstari mmoja. Ndipo rangi hukatika kwanza.

Weka matone mawili ya kompaundi, kila moja kama punje ya mahindi, kwenye pedi ya sponji yenye unyevu kidogo. Fanyia kazi eneo la sentimita 30 kwa 30, kubwa kuliko alama. Bonyeza kwa vidole vinne vilivyotandazwa. Kidole kimoja kilichofungwa kitambaa huonekana kuwa na nguvu zaidi, lakini huchimba kibonde ambacho jua la jioni litakuonyesha kwa miaka. Nenda mbele na nyuma mara 20 hadi 30, futa, kisha pangusa kwa alkoholi. Mpanguso huo wa alkoholi ni wa lazima: kompaundi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya kuwa kazi imekwisha.

Tazama kwa tochi iliyoinamishwa. Rudia mara mbili, au tatu kwa rangi ngumu. Baada ya hapo, kama bado kuna mstari mwembamba wa rangi ngeni, umekaa ndani ya mkwaruzo, chini ya usawa wa klia, na kuendelea kusaga ni kuishusha klia yote ili kuufikia. Afadhali uutoe kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa tapentaini, ukifuata mkwaruzo taratibu.

Rangi ya kompaundi kwenye pedi itakusimulia mengi. Ikitoka na rangi ya geti au nguzo, endelea. Ikitoka na rangi ya gari lako, kuna mambo mawili: ama gari lako halina klia kabisa, kama yalivyo magari mengi ya zamani na baadhi ya magari meupe au mekundu, na hapo ni kawaida ukienda kwa kiasi, ama umeshaimaliza klia, na hapo simama.

Ukitumia mashine, iwe ile inayozunguka huku ikiyumba, mwendo wa kati, pedi ya sponji, mipito minne hadi mitano, kisha gusa kwa mkono. Juu ya bampa joto halina pa kukimbilia kwa sababu plastiki hailisambazi kama bati. Rangi ya bampa huungua wakati mlango ungevumilia.

Maliza kwa polishi laini na pedi safi, eneo lilelile na kidogo nje yake, ili mng'ao usikatike ghafla.

Kuhusu thina

Thina inafanya kazi, na ndiyo sababu watu huikimbilia. Ifanye ya mwisho, kwa doa dogo lililogoma, na juu ya rangi ya kiwandani tu. Kitambaa kiwe na unyevu, kisidondoshe. Gusa sekunde mbili tatu, pangusa mara moja kwa kitambaa chenye maji, ngoja dakika, tazama, ndipo urudie. Usiibandike ikae.

Isifike kamwe kwenye taa za mbele. Taa za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, na thina au asetoni huzipasua nyufa ndogo ndogo zisizotengenezeka. Vivyo hivyo plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, mipira ya milango, na stika. Mafuta ya breki hayana nafasi popote hapa, maana huivimbisha na kuinyanyua rangi. Dawa ya kubandua rangi haitofautishi ya geti na ya gari. Dodoki la chuma na lile la kijani la jikoni hukwaruza klia moja kwa moja.

Uso ukififia au ukawa laini baada ya dawa, usiufute tena wala kuupaka polishi saa hiyo. Uache siku moja au mbili dawa iliyoingia itoke na rangi ikaze. Ufifi mwepesi utaondoka kwa polishi. Ukiona mikunjo au rangi imenyanyuka, hapo ni kazi ya kupaka upya.

Magari yenye rangi isiyong'aa yana kanuni yake: kompaundi, polishi na hata udongo hukipa kipande hicho mng'ao wa kudumu ambao hautolewi. Ishia kwenye maji ya sabuni na alkoholi iliyozimuliwa. Gari lililofunikwa kwa filamu, soma maelekezo ya filamu hiyo kwanza, maana tapentaini inaweza kulegeza gundi yake kwenye kingo.

Kufunga kazi

Osha eneo zima, likaushe, pangusa kwa alkoholi mara ya mwisho. Mkwaruzo uliofika bati au praima ujazwe rangi ya kugusia inayolingana na namba ya rangi ya gari, kwa tabaka jembamba mbili tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Tabaka moja nene husinyaa na kuacha uvimbe. Kisha paka nta nyembamba, iache ikauke hadi ifutike bila kuburuta, ifute. Sehemu uliyoijaza rangi mpya iruke, uipake nta baada ya mwezi.

Vitambaa vilivyonyonya rangi ya mafuta na tapentaini visikunjwe wala kutupwa pamoja kwenye pipa. Mafuta yanayokauka hutoa joto, na rundo lililofungiwa hulihifadhi joto hilo hadi linaweza kushika moto lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke na kukakamaa, ndipo uvitupe.